Kwa Miguu Katika Mji wa Vilima

Nilizaliwa Mji Mkongwe wa Unguja, mtaa wa Kiponda, mahali ambapo nyumba zilizokabiliana hupeana kivuli tangu asubuhi hata alasiri, ambapo baraza za mawe zimeshikamana na kuta ili mpita njia apate pa kuketi, na ambapo mtu aweza kutoka Malindi akafika Shangani kwa vichochoro vitupu, asikutane na gari ila penye viunga vya mji. Riziki iliponivusha bahari ikaniweka Dar es Salaam, niliuona mji wa namna nyingine. Kutoka Kariakoo hata Posta si masafa ya kumchosha mtu mzima, lakini katika masafa hayo njia ya waenda kwa miguu hukatika ikaanza tena, ikakatika tena: hapa limeegeshwa gari, pale imetandazwa meza ya viatu, mbele yake mtaro umeachwa wazi, na katika nafasi finyu iliyosalia bodaboda huikwepa foleni kwa kupanda juu ya ukingo. Mwenda kwa miguu hushuka barabarani, akaomba dua, akapanda tena.

Habari za Kigali nilizisikia kwa madereva wa malori na kwa wafanyabiashara ambao bidhaa zao hupitia bandari ya Dar es Salaam. Walisema kwamba huko mtu hutembea usiku na mchana juu ya njia iliyotengwa kwa ajili yake, kwamba mitaa mizima imefungwa isipitwe na magari, na kwamba Jumapili nyingine hata barabara kuu huachiwa watu. Habari za wasafiri aghalabu hurefuka kadiri zinavyosafiri. Kwa hiyo nikaazimia kwenda kujionea mwenyewe, na nikajiwekea sharti kwamba nikishateremka katika basi sitapanda chombo ila kwa dharura.

Basi liliondoka Mbezi, katika Kituo cha Magufuli, kungali giza. Barabara kuu ya bara hupita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega na Kahama, na msafiri aliye dirishani, akiwa hakulala, huona jambo moja likijirudia tangu jua lichomoze hata lizame, nalo ni kwamba pembeni mwa lami, katika vumbi, watu wanatembea. Watoto wa shule katika sare zao, kina mama wenye ndoo kichwani, wazee wanaosukuma baiskeli zilizoelemewa na magunia ya mkaa, wote hufuata ujia mwembamba ambao hakuna mhandisi aliyeuchora, bali nyayo zao wenyewe ndizo zilizouchonga. Penye kijiji kibao humwamuru dereva ashushe mwendo hadi kilomita 50 kwa saa, naye hushusha, hasa akihofia kwamba askari yu karibu. Kijiji kikimalizika, na mara nyingine kabla hakijamalizika, basi huunguruma tena, na wale wa pembeni hugeuza nyuso kujikinga na vumbi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba ajali za barabarani ziliua watu takriban milioni 1.19 mwaka 2021, na kwamba zaidi ya nusu ya wanaokufa kwa ajali hizo ni waenda kwa miguu, waendesha baiskeli na wapanda pikipiki. Nilipoikumbuka hesabu hiyo huku nikitazama ule ujia wa vumbi, sikuona ajabu tena. Wenye kufa zaidi ndio waliotengewa nafasi ndogo zaidi.

Rusumo ndipo nchi mbili zinapokutana. Mto Kagera hujitupa katika maporomoko chini ya daraja, na ng'ambo na ng'ambo pamejengwa kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji, kilichozinduliwa mwaka 2016, ambacho kimempunguzia msafiri adha ya kupanga foleni mara mbili. Hapo magari hubadili upande, kwa kuwa Tanzania hushika kushoto na Rwanda hushika kulia. Kijana mmoja Mnyarwanda aliyekaa karibu nami, mwanafunzi aliyekuwa akirudi kwao likizo, aliniambia kwa Kiswahili fasaha, "Mzee wangu, ukifika kwetu usivuke barabara kwa mazoea. Tazama kushoto kwanza." Nilimshukuru kwa nasaha hiyo, maana mabadiliko ambayo kwa dereva ni jambo la adabu, kwa mwenda kwa miguu ni jambo la uhai.

Kutoka Rusumo barabara hupanda na kushuka kupitia Kirehe, Ngoma, Kayonza na Rwamagana, baina ya migomba na mashamba yaliyochongwa kwa matuta juu ya vilima. Hapo niliona tofauti ya kwanza, nayo si kubwa ya kutangazwa gazetini: penye vituo vya biashara vilivyo kando ya barabara, mahali pengi watu walikuwa na njia yao iliyoinuliwa juu ya lami, na mitaro ilikuwa imejengwa kwa mawe. Jioni tukaingia Nyabugogo, stendi kuu iliyo bondeni, yenye zahama na makelele yanayomfanya mtu wa Kariakoo ajione yuko nyumbani.

Kigali ni mji usiokuwa na uwanda. Ulianza mwaka 1907, pale Mjerumani Richard Kandt alipoweka makao yake juu ya kilima cha Nyarugenge, na tangu hapo umekwea vilima vingine na kujaza mabonde yaliyo baina yake, hata katika sensa ya 2022 ukahesabiwa kuwa na wakazi zaidi ya milioni 1.7. Mji wa namna hiyo ungekuwa na udhuru mwema kuliko miji yetu yote ya pwani wa kusema kwamba kutembea hakuwezekani. Uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, miinuko yake humpokonya mgeni pumzi, na mvua zake hufanya mito katika kila mteremko.

Asubuhi yake nilianza kupanda kutoka Nyabugogo kupitia Muhima kwenda katikati ya mji. Njia ya miguu ilikuwa imetandikwa matofali ya saruji, imeinuliwa juu ya barabara kwa ukingo wa mawe, na mtaro uliokuwa kandoni mwake ulikuwa umefunikwa kwa mabamba, hata mtu akaweza kukanyaga pasipo kutazama chini. Wafagiaji, wengi wao wanawake, walikuwa wamekwisha kuanza kazi. Penye kona palikuwa na vibao vyenye herufi na nambari za mitaa, KN kwa Nyarugenge, KG kwa Gasabo na KK kwa Kicukiro, ili mgeni asiyemjua mtu wa kumwuliza ajue alipo. Nilipofika penye mistari ya kivuko gari lilisimama, nami kwa mazoea ya kwetu nikasimama vilevile, tukawa tunangojana, mpaka dereva akanipungia mkono nipite. Mahali palipokuwa na mteremko mkali mno palijengwa ngazi baina ya nyumba, na ngazi hizo ndizo njia za mkato za watu wa mtaa. Mwenye gari huzunguka kilima kizima kufika mahali ambapo mwenye miguu hufika kwa kushuka vidato.

Usiku nilitoka tena. Taa zilikuwa zikiwaka juu ya njia za miguu, si juu ya barabara peke yake, na wanawake walikuwa wakirudi makwao kutoka kazini, wengine wawili wawili, wengine peke yao, pasipo kuharakisha hatua. Mji unaoweza kumrudisha mwanamke kwake usiku kwa miguu umetimiza nusu ya wajibu wake kwa watu.

Katikati ya mji, karibu na ofisi za Jiji, ipo barabara ya KN 4 ambayo sehemu yake ilifungwa kwa magari mwaka 2015. Kisa chake nilisimuliwa na mwenye duka mmoja, na nakieleza kwa kuwa ndani yake mna ibra kwa kila halmashauri. Amri ilipotoka, magari yaliondoka siku moja, lakini hapakuwekwa kitu mahali pake. Lami ilibaki vilevile, kavu na pana, bila ya kivuli wala pa kuketi. Mtu alipita kwa haraka kama mwenye kuvuka uwanja wa mpira mchana wa jua, na wenye maduka wakalalamika kwamba wateja wamepungua. Hali hiyo iliendelea kwa miaka. Baadaye Jiji lilipatengeneza upya, likapafungua mwaka 2022 kwa jina la Imbuga City Walk. Nilipofika mimi palikuwa na miti na bustani, viti, vibanda vya vinywaji, mahali pa watoto kuchezea, vyoo vya umma na njia ya baiskeli. Vijana walikuwa wamekaa na kompyuta zao, wazee wakizungumza, bibi mmoja akimfundisha mjukuu wake kutembea. Barabara ni ile ile, na katazo la magari ni lile lile. Kilichozidi ni kwamba sasa mtu ana sababu ya kuwapo.

"Mzee," akaniambia yule mwenye duka, "kufukuza gari ni kazi ya askari mmoja. Kumleta mtu ndiyo kazi ya serikali."

Kutoka hapo nilishuka kwenda Biryogo, upande wa Nyamirambo, na moyo wangu ulitangulia miguu, kwa sababu Biryogo ni mtaa wa Waswahili. Watu wa pwani waliofika pamoja na misafara ya biashara na utawala wa Kijerumani ndio waliopanda mbegu ya Uislamu na Kiswahili katika mji huo. Msikiti wa Al-Fatah, wa kwanza katika nchi, ulijengwa mwaka 1913. Na wakati wa Wabelgiji Waswahili walitengewa makazi yao hapo Biryogo. Mwaka 2017 Rwanda ilikitia Kiswahili katika idadi ya lugha zake rasmi, lakini Biryogo haikungoja sheria. Nilisalimiwa kwa lugha yangu kabla sijafungua kinywa, kwa sababu ya kofia yangu tu.

Mitaa kadhaa ya Biryogo ilifungwa kwa magari mwaka 2021, wakati wa maradhi ya korona, ili wenye migahawa wapate kuweka meza nje, mahali penye hewa. Lami ilipakwa rangi za kila namna, vikawekwa vyungu vya maua, na meza zikatoka nje hazikurudi ndani tena. Niliketi nikaagiza chai kavu yenye tangawizi na chapati, na mzee mmoja wa makamo ya baba yangu akanikaribisha mezani pake.

"Watokea wapi, mwanangu?"

"Natokea Unguja, baba, ila maskani yangu ni Dar es Salaam."

"Basi uko kwenu. Babu yangu naye alitoka pwani, ingawa hakurudi kutuambia ni mji gani." Akacheka, akanimiminia chai. Nilimwuliza kama biashara haikudhurika magari yalipozuiwa. "Zamani," akasema, "magari yalipita hapa yakipiga honi, na sisi tulikaa ndani tukiyasikiliza. Sasa sisi tuko nje, nayo ndiyo yanayozunguka. Mwenye gari hununua akiwa mbioni, mwanangu. Mwenye miguu hukaa, na akikaa huagiza tena."

Nilitazama pande zote, nikaona kwamba ufundi wa mtaa ule haukuwa mgeni kwangu. Kivuli, mahali pa kuketi, maduka yaliyofungua milango yake kwa wapitao, na jirani mwenye nafasi ya kukuuliza habari: hivyo ndivyo walivyojenga wazee wetu wa Unguja, Lamu na Mombasa, si kwa kusoma vitabu vya upangaji miji, bali kwa kulijua jua na kumjua mwanadamu. Dunia imeukubali ufundi huo. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu, mji wa punda na mashua, mwaka 2001. Sisi tuliorithi ndio tunaoingiza vespa na pikipiki katika vichochoro ambavyo upana wake ulipimwa kwa watu wawili kupishana, ilhali watu wa bara wanaitengeneza upya hali ile ile kwa rangi na vyungu vya maua.

Jumapili niliyokuwapo ilikuwa ni ile ya kuzuia magari, desturi iliyoanzishwa Kigali mwaka 2016, kwanza mara moja kwa mwezi na baadaye mara mbili. Asubuhi barabara kuu zilizochaguliwa hufungwa kwa saa chache, na watu hutoka. Niliona vijana wakikimbia, familia nzima zikitembea, waendesha baiskeli wakipanda vilima vile ambavyo Septemba 2025 vilishindaniwa katika mbio za ubingwa wa dunia za baiskeli za barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Katika uwanja mmoja mwalimu wa mazoezi alisimama jukwaani, na watu wa kila umri wakafuata mwendo wa viungo vyake kwa muziki. Pembeni wauguzi walikuwa wamepanga meza, wakipima shinikizo la damu na sukari bila ya malipo. Nami nilipimwa, nikashauriwa nipunguze chumvi na nizidishe kutembea. Shirika la Afya Duniani humtaka mtu mzima apate walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na dawa hiyo, ambayo haina bei, hupatikana kwa urahisi katika mji ambao mtu aweza kwenda kazini na sokoni kwa miguu.

Lakini insafu hunilazimisha kusema na yasiyopendeza. Njia za miguu za Kigali ni tupu na safi, na sehemu ya usafi huo imenunuliwa kwa gharama ya maskini. Uchuuzi wa barabarani umepigwa marufuku, na muuzaji na mnunuzi wote wawili hutozwa faini. Niliona mwanamke mwenye beseni la parachichi akikimbia kona alipomwona askari, na mtoto mgongoni. Sisi Dar es Salaam tuna ila iliyo kinyume: mwaka 2021 wamachinga waliondolewa pembezoni mwa barabara wakapelekwa masokoni, na kwa kuwa wateja hawakuhamishwa pamoja nao, wengi wamerudi. Mji mmoja umempa njia mpita na kumnyima muuzaji, mwingine umemwachia muuzaji na kumsukuma mpita barabarani. Haki iko baina yao, nayo ni kupima upana, kumchorea muuzaji mstari wake na mpita mstari wake, na kumlinda kila mmoja ndani ya mstari huo. Aidha, wako watu wa Kigali wanaokaa vilima vya mbali ambako njia nzuri haijafika; hao Jumapili ya kuzuia magari si sikukuu kwao, kwa kuwa hutembea siku zote, nao hutembea katika tope.

Niliporudi Dar es Salaam niliutazama mji wangu kwa macho ya mtu aliyeona kwamba jambo lawezekana, na nikaona kwamba hata kwetu mwanzo upo. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi mwaka 2016, njia yake ya kilomita 21 ilikuja na njia za miguu na vivuko, kwa hoja iliyo dhahiri kwamba kila abiria wa basi ni mwenda kwa miguu mwanzoni na mwishoni mwa safari yake. Kadhalika, shirika la Amend limefanya kazi katika shule za msingi za jiji kwa vitu vyepesi: matuta ya kupunguza mwendo, vibao, vivuko, njia za miguu zilizotenganishwa na magari, na mara nyingine mlango wa shule kuhamishwa kutoka barabara kubwa ukafunguliwa upande ulio salama. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross mwaka 2019, ikishindanishwa na miradi ya fedha nyingi kutoka pande zote za dunia. Siri yake si fedha. Gari linalokwenda kilomita 30 kwa saa humpa mtoto nafasi ya kuonwa na dereva nafasi ya kusimama; mwendo ukizidi hapo, kila kilomita inayoongezeka humwongezea mtoto hatari ya kufa.

Hukumu yangu, baada ya kuitembea Kigali kilima kwa kilima, ni kwamba mji haufanywi kuwa wa kutembea kwa miguu na uwanda wake, wala ukongwe wake, wala utajiri wake. Unafanywa na watawala waliokubali kwamba mwenda kwa miguu ni mwenyeji wa mji na si mabaki ya umaskini yanayongoja kununua gari. Wengi wetu, katika Dar es Salaam, Mombasa, Nairobi na Bujumbura, tutakwenda kwa miguu leo, kesho na miaka mingi ijayo, na hata mwenye gari akishuka amekuwa mmoja wetu.

Kwa hiyo nawaomba madiwani na wahandisi wetu, kabla ya kutia saini mchoro wa barabara nyingine, watembee kwa miguu, saa sita ya mchana, kutoka mwanzo wake hadi mwisho wake, wakiwa na mtoto mkononi. Nawe msomaji, diwani wako akija kuomba kura, usimwulize habari za barabara za juu peke yake. Mwulize mtaro wa mtaani kwako utafunikwa lini. Halmashauri inayotaka kuanza haina haja ya kungoja mkopo: na ichague mtaa mmoja ulio mbele ya shule, ifunike mitaro yake, ipande miti, iweke matuta, na iwazuie wenye magari wasiegeshe juu ya njia ya watoto.